Msumeno wa King'ora

Droo ilifika katikati ikakwama. Si mbele, si nyuma.

Mzee akaisukuma kwa kiganja, akaisukuma kwa goti, mwishowe akageuka akaisukuma kwa makalio, na kabati zima likasogea hatua nzima sakafuni likagonga cherehani ya mkewe. Mkewe, aliyekuwa anapiga pindo la sketi, aliondoa mguu kwenye pedali akangoja kelele ziishe.

"Baba," alisema taratibu, "umeligonga gari la mbele."

Huyo aliyeambiwa hivyo alikuwa ameendesha gari la wagonjwa miaka mingi mno, mpaka mtaa mzima ulikuwa umelisahau jina lake ukamwita King'ora. Hata watoto wa jirani walikuwa wakimwamkia, "Shikamoo babu King'ora," naye akiitikia kwa raha zake, kwa sababu kuna majina mabaya zaidi ambayo mtu anaweza kupachikwa. Alipostaafu, wenzake walidhani atakaa barazani ahesabu magari yanayopita. Yeye akanunua randa, patasi, msumeno wa mkono na kopo la gundi, akaanza kujifundisha useremala. Alianza na kigoda. Kigoda kiliyumba kidogo, lakini kilikalika. Akaja na rafu ya vyombo, halafu sanduku la viatu, na kila kitu kilichotoka mkononi mwake kilikuwa kimenyooka kuliko kilichotangulia.

Mkewe ni fundi wa nguo. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho karakana ya wote wawili: upande wa dirisha cherehani, meza ya pasi na nguo za wateja zimetundikwa kwenye waya, upande wa mlango benchi la King'ora, na katikati pazia zito la kuzuia vumbi la mbao lisihamie kwenye nguo za watu. Pazia lile lilikuwa na historia yake. Liliwekwa baada ya gauni moja la harusi kuvaliwa na bibi harusi aliyepiga chafya kuanzia anatoka kwao mpaka anakata keki.

Sasa kabati. Mama, ndivyo King'ora alivyomwita mkewe, alikuwa anaweka vifungo vyake kwenye makopo ya maziwa ya unga, zipu kwenye bati la biskuti, na nyuzi kwenye mifuko ya nailoni iliyofungwa mafundo yasiyofunguka. Akitafuta kifungo cheusi, anamwaga makopo matano. King'ora alimwahidi kabati la droo kumi na mbili, kila kitu na droo yake. Fremu aliijenga vizuri ajabu. Ilisimama wima kama askari wa gwaride, na ubavuni mwake akaandika kwa penseli ya useremala upana wa kila tundu: sentimita arobaini. Ikabaki droo tu.

Droo ya kwanza ilikuwa nene, haikuingia. Akairanda. Ikaingia kona moja, kona ya pili ikagoma. Akairanda tena. Ikaingia yote ikaanza kucheza ndani kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akaitupa. Ya pili ikawa vile vile. Hii ya leo ilikuwa ya tatu, na ndiyo hiyo imekwama katikati.

"Hodi humu!"

Aliyeingia alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke wa maneno mengi na kicheko kikubwa, anayeuza sabuni na vipodozi mtaa wa pili na ambaye hakuwahi kupita mlango huo bila kumtania shemeji yake. Alitazama droo iliyotoa ulimi nje ya kabati.

"Shemeji, vipi? Mtoto wa kabati amekua, hataki kurudi tumboni kwa mama yake?"

"Karibu shemeji. Kaa mbali, usije ukamtisha."

"Mimi nimtishe? Si wewe uliyemkalia? Nimekuona dirishani. Nikasema, lo, leo shemeji anataga."

Mama alicheka mpaka akaegemea cherehani. King'ora naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika mapema, na mkewe akakusikia kule kukatika. Ukiishi na mtu miaka mingi, unamsikia hata anapoacha kucheka.

Shemeji alipoondoka, King'ora alikaa kwenye kile kigoda chake cha kwanza akaitazama mikono yake, nje na ndani.

"Mama," akasema, "mimi nadhani mikono imekwisha."

"Imekwisha imekwenda wapi?"

"Haikati tena mahali ninapoiambia ikate. Napima vizuri, nachora mstari vizuri, nakata juu ya mstari. Droo inatoka nene. Sasa kosa liko wapi kama si mkononi?"

Hilo lilikuwa jambo zito kwake kuliko linavyosikika. Mikono ile ndiyo iliyokuwa sifa yake. Wauguzi walikuwa wakisema King'ora akiwa kwenye usukani, unaweza kumtundikia mgonjwa dripu huku gari linaruka mashimo. Sasa tangu droo ya kwanza ikatae alikuwa ameanza kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Alidhani mkewe haoni. Alikuwa anajichunguza kila asubuhi kama anatetemeka, na ukijichunguza sana hivyo, huwezi kukosa kuona kitu.

"Nimefikiria," akaendelea. "Ile akiba yetu ya kubadilisha vigae. Vigae vingoje. Tununue msumeno wa meza, wa umeme, ule mdogo wa kubebeka. Mashine haitetemeki. Ukiiambia arobaini, inakupa arobaini. Nikikata kwa mashine na droo zikakataa bado, basi mimi na useremala tumeachana. Nauza kila kitu, hata kopo la gundi, nakaa barazani nahesabu magari."

Mkewe alikata uzi kwa meno, akaikunja sketi, akailaza mezani. Alikuwa anamjua. Mtu huyu akikaa barazani, hatahesabu magari, atahesabu maradhi.

"Sawa," akasema. "Lakini nina masharti. Moja, iingie chini ya meza yangu ya pasi, maana chumba hiki hakijaongezeka. Mbili, uweze kuibeba mwenyewe mpaka uani, sitaki kila ukitaka kukata ubao umwite nusu ya mtaa. Na vumbi. Ukinipigisha chafya bibi harusi mwingine, utalala na hiyo mashine yako."

"Nimekubali yote."

"Na mimi nakuja dukani. Wewe ukiona kitu chenye injini unakuwa mtoto."

Jumamosi asubuhi wakaondoka. Kabla ya kutoka, King'ora alipitia msumarini karibu na cherehani akachukua futi ya mkewe, ile ya kushonea, ya kitambaa chenye namba. Futi yake ya chuma ilikuwa imemvunjikia mara tu alipomaliza fremu ya kabati; ilianguka, springi ikakatika, ulimi ukabaki nje kama wa mbwa mwenye kiu. Tangu hapo akawa anaazima ya mkewe. Ile ya mkewe ilikuwa na mkasi. Nasema ilikuwa na mkasi kwa sababu mama, kwa kuchoka kuutafuta mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, aliufunga mwishoni mwa futi, na vyote viwili vikalala msumarini vikining'inia usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. King'ora aliufungua mkasi, akaikunja futi akaitia mfukoni.

Duka la zana lilikuwa la mwanamke mfupi mwenye miwani iliyokaa juu ya kilemba, ambaye wateja walimwita Mama Misumari. Duka lake lilikuwa refu na jembamba, limejaa mpaka darini: ndoo za misumari, mabomba, kufuli, nyaya, na mwisho kabisa mashine.

"Karibuni, karibuni. Mzee wangu shikamoo. Dada habari za nyumbani?"

"Marahaba mwanangu. Tunataka msumeno wa meza. Wa bei ya kibinadamu."

"Hapa hakuna bei ya kinyama, mzee wangu. Piteni."

Zilikuwa tatu, zimepangwa sakafuni. Kama hujawahi kuuona msumeno huo, ni meza ndogo ya bati au aluminiamu yenye ufa katikati, na kwenye ufa inachomoza diski ya mviringo yenye meno. Mbao ndiyo inayosukumwa, msumeno umekaa mahali pake. Pembeni kuna pao la chuma linalosogezwa na kukazwa, ambalo mbao huegemea ili ikatwe sambamba. Mafundi huliita mwongozo. Mwongozo ukiwa mlegevu, kila kitu ni kilegevu.

Mashine ya kwanza ndiyo ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote. Ilikuwa na rangi ya chungwa inayong'aa na kibandiko cha mwanamume anayecheka.

"Huyu anacheka nini?" mama akauliza.

"Anamcheka atakayenunua," alisema King'ora, ambaye tayari alikuwa ameshika mwongozo na kuutikisa. Mbele ulikaza, nyuma ukacheza. "Hebu iwashe."

Mama Misumari akaichomeka umeme. Mashine ikapiga kelele kama bati linaloburutwa barabarani. King'ora aliweka kiganja juu ya meza, akafumba macho, akasikiliza kwa mkono kama alivyokuwa akisikiliza injini. Mkewe hakuwa na haja ya kufumba macho. Alitoa rili la uzi kwenye mkoba wake akalisimamisha juu ya meza, mbali kabisa na diski. Rili likaanza kutembea. Likatembea, likatembea, likafika ukingoni, likaanguka.

"Limekimbia," mama akasema. "Hata uzi hautaki."

Mama Misumari alizima mashine akicheka. "Dada, nimeuza mashine hizi siku nyingi, sijawahi kuona mtu anazipima kwa uzi. Kesho nanunua uzi wangu."

Ya pili ilikuwa kubwa, nzuri, ina miguu ya kukunja na magurudumu. Rili lilisimama juu yake kama limegundishwa. Mwongozo ulikaza mbele na nyuma kwa mpini mmoja. King'ora aliizunguka mara mbili, akaipapasa ubavuni, na macho yake yakapata ule unyevu ambao mkewe aliujua tangu siku walipomkabidhi gari jipya la wagonjwa.

"Baba. Inua."

"Ina magurudumu."

"Nyumba yetu ina ngazi. Inua."

Akaiinua. Yaani alijaribu. Uso ukavimba, mishipa ya shingo ikatoka, na mashine ikabaki ilipo. Akaiacha, akapangusa mikono.

"Haina hamu ya kuondoka," akasema.

"Na bei yake inachukua vigae na bafu pamoja," akaongeza Mama Misumari kwa huruma. "Jaribuni hii ya tatu."

Ya tatu haikuwa na lolote la kuvutia macho. Ya kijivu, ndogo, meza yake ya aluminiamu, na mishikio miwili ubavuni kama sufuria. King'ora aliinua ikainuka, akatembea nayo mpaka mlangoni na kurudi, hata akaongea njiani. Mwongozo wake ulikaza pande zote mbili. Nyuma ya diski palisimama kipande cha chuma cha kuzuia mbao iliyokatwa isibane diski ikarushwa, na juu yake kifuniko cha kukinga vidole. Ilipowashwa ilinguruma, lakini ngurumo yenye adabu, na rili la uzi likatikisika kidogo, likatulia. Chini kwa nyuma kulikuwa na tundu la mviringo.

"Hapa vumbi linatokea," alisema Mama Misumari. "Kuna mfuko wake, lakini unauzwa peke yake."

Mama alichuchumaa, akalizungusha tundu kwa shibiri. "Mfuko?" alisema. "Unaniambia mimi nikanunue mfuko?"

Akainuka akaenda zake kaunta kuangalia vishikio vya droo, kwa sababu kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha.

Kwa King'ora hayakuwa yamekwisha. Alikuwa amekuja kutafuta kitu kimoja: mashine ikiambiwa arobaini itoe arobaini. Kwenye ukingo wa meza palikuwa na namba za kupimia. Akausogeza mwongozo mpaka thelathini, akaukaza, mashine ikiwa imechomolewa umeme akatoa futi mfukoni akapima kutoka jino la diski mpaka kwenye mwongozo. Akakunja uso. Akapima tena.

"Mwanangu, hii inasema thelathini, lakini haijafika thelathini. Imepungua."

"Haiwezekani, mzee wangu."

"Njoo uone." Akaenda kwenye ile kubwa. Akapima. Imepungua. Akaenda kwenye ile ya chungwa. Imepungua. Alisimama katikati ya duka, futi mkononi, na uso wake ukaingia kiza. "Zote zinadanganya. Sasa mtu ategemee nini? Mikono imekataa, na mashine nazo waongo?"

Mama Misumari aliishusha miwani kutoka kwenye kilemba. Alizitazama mashine tatu, moja moja.

"Mzee wangu, tusaidiane. Hizi zimetoka viwanda vitatu, nchi tatu. Hii na hii hazijawahi hata kuonana kabla ya duka langu. Zimekaa wapi kikao zikakubaliana zikudanganye kiasi kile kile?"

King'ora akazitazama mashine, kisha futi iliyokuwa mkononi mwake.

"Nipe hiyo futi," alisema Mama Misumari. Akaichukua, akaitandaza juu ya kaunta, na pembeni yake akavuta futi ya chuma mpya kutoka kwenye boksi. Zikaanza pamoja kwenye sifuri. Kwenye kumi zilikuwa bado marafiki. Kwenye ishirini zilianza kutazamana. Kwenye arobaini, futi ya kitambaa ilikuwa imeipita ile ya chuma kwa unene wa vifungo viwili vya koti vilivyolazwa kimoja juu ya kingine.

"Imevutika," alisema Mama Misumari. "Hii futi imerefuka, mzee wangu. Arobaini yake ni arobaini na kitu."

Mama aligeuka kutoka kwenye vishikio, viwili mkononi.

"Ndiyo, imevutika," akasema. "Kwani hukujua?"

"Wewe unajua?" King'ora akauliza.

"Nimejua siku zote. Ni ule mkasi, unaivuta pale msumarini. Anayekuja kupimwa, nampima kwa hiyo na kitambaa nakipima kwa hiyo hiyo, nguo inamkaa sawasawa. Wale wanaoniletea vipimo kwa simu, wamepimwa na futi nyingine, hao ndio nawapunguzia kidogo."

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza! Nilidhani kabati na droo vyote unapima kwa hiyo. Si vingeingiana?"

King'ora alishika kaunta. Ungemwona, ungemkimbizia kiti, na Mama Misumari kweli alikimbia kuleta kiti. Lakini mzee hakuwa anaumwa. Alikuwa anarudi nyuma kichwani, kama mtu anayerudisha gari taratibu kwenye uchochoro mwembamba: fremu aliipima kwa futi ya chuma. Arobaini. Akaandika ubavuni. Ya chuma ikavunjika. Akachukua hii. Akaisoma arobaini kwenye penseli, akapima arobaini ya futi yenye mkasi, akakata. Droo ya kwanza nene. Ya pili nene. Ya tatu nene, na zote kwa kiasi kile kile kabla hajaanza kuzichokonoa kwa randa.

"Kwa hiyo nilikata sawa," akasema kwa sauti ndogo.

"Ulikata sawa kabisa," mkewe akamjibu. "Ulikata sawasawa na futi mbovu."

"Mikono haina kitu."

"Mikono ina nini? Nimekuwa nakuona unashika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto, nikasema huyu anasikia baridi."

Hapo ndipo kilipomtoka. Si kicheko cha kukatika kama kile cha juzi. Hiki kilianza tumboni, kikapanda, kikajaa duka lote, na kabla hajajua anachofanya alikuwa amenyoosha shingo akapiga king'ora kwa mdomo, kile kirefu cha kupanda na kushuka alichokuwa akiwafurahisha nacho watoto waliolazwa. Mteja aliyekuwa anachagua kufuli akaruka pembeni kupisha njia.

Alipopata pumzi, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya uso wa Mama Misumari. "Tazama. Inatetemeka?"

"Inatetemeka kwa kicheko, mzee wangu."

Kisha akatulia, akaitazama ile mashine ya kijivu, akaona haya kidogo. "Sasa mama, hii hatuihitaji tena. Nilikuja kununua mikono, na kumbe ninayo. Tuchukue futi ya chuma tu twende, vigae vipate haki yake."

Mama Misumari hakumsukuma. "Mimi naishi kwa kuuza," alisema, "lakini sikulazimishi. Nenda, kakate moja kwa mkono, ukitaka rudi."

Mama ndiye aliyeweka mkoba juu ya kaunta.

"Droo kumi na mbili," akasema. "Kila moja mbao nne na kitako. Ukikata kwa mkono, nitamwaga makopo ya vifungo mpaka wajukuu waolewe. Tena ulipokuwa unadhani mikono imekufa, ungeinunua mashine hii kwa hofu, na mimi ningekuruhusu huku moyo umenisinyaa. Sasa nainunua mimi. Mwanangu, tuambie bei, halafu tuambie bei ya kweli."

Walivutana kidogo, kwa adabu na kwa kelele, na mwisho Mama Misumari akapunguza, akaongeza futi ya chuma juu yake, akasema hiyo ni zawadi kwa sababu hajacheka hivyo tangu mwaka uanze.

Nyumbani King'ora aliibeba mashine mwenyewe kutoka barabarani, akapanda ngazi nayo, akiwapigia majirani honi kwa mdomo wampishe. Ikaingia chini ya meza ya pasi kama iliyozaliwa hapo. Sharti la kwanza, sharti la pili. La tatu mama alilimaliza kabla chai haijapoa: alichukua kipande cha turubai la zamani, akalipima tundu la vumbi, akashona mfuko mrefu wenye kamba ya kukaza mdomoni na zipu chini ya kuutoa uchafu.

"Tundu umelipima kwa futi gani?" King'ora akauliza.

"Kwa ile ile."

"Na turubai?"

"Kwa ile ile. Usinifundishe kazi."

Mfuko ukakaa vizuri kabisa.

Lakini droo ya kwanza aliikata kwa mkono. Hilo alilishikilia. Alilitoa benchi uani, akaweka mbao juu yake, akapima arobaini kwa futi ya chuma, akatoa ule upungufu mdogo wa kuiacha droo ipumue, akachora mstari, akashika msumeno wake wa zamani. Mkewe alisimama mlangoni na mikono kifuani. Msumeno ulienda na kurudi bila haraka, unga wa mbao ukashuka kwenye kiatu, kipande kikaanguka. Akaweka guni, kile kipimo cha kona, kwenye sehemu aliyokata. Hapakuonekana mwanga kati ya chuma na mbao.

Alikohoa tu, akaendelea na kipande cha pili.

Zilizobaki alikata kwa mashine, siku iliyofuata mchana, saa ambayo jirani mwenye mtoto mchanga alisema haina shida. Kwanza alijitengenezea kijiti cha kusukumia mbao ili vidole visisogelee diski, na mkewe akamkunjia mikono ya shati mpaka juu ya viwiko akaibana kwa pini.

"Mikono hiyo nimeipata jana tu," akamwambia. "Usinipotezee."

Mashine ilinguruma, mfuko wa turubai ukavimba kama mtu aliyeshiba, na mbao zikatoka upana mmoja, moja baada ya nyingine, hata ungezipanga ukapitisha kiganja juu usingejua moja inaishia wapi. King'ora alikuwa anaimba. Hana sauti ya kuimba, lakini siku hiyo hakuna aliyemlalamikia.

Siku ya kuzitia zote, shemeji alikuwepo. Alikuja na stuli yake mwenyewe, akakaa mbele ya kabati kama mtu aliyekata tiketi.

"Haya shemeji, leo unataga tena?"

"Leo, shemeji, wewe shika mdomo wako usije ukaanguka."

Akazitia kumi na moja kwa upole. Zikaingia. Akamalizia na ile ya mkono, akamwachia mkewe aisukume. Mama akaigusa kwa kidole kimoja. Droo ikateleza ndani, ikatoa pumzi, fuuu, ikafunga. Na hapo hapo droo ya jirani yake, ambayo hakuna aliyeigusa, ikasogea nje yenyewe kwa upana wa vidole viwili.

Shemeji aliruka na stuli yake. "Mama yangu! Kabati lina mtu!"

"Lina hewa," King'ora alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa. "Zimebana vizuri mpaka hewa haina pa kutokea. Ukimfunga huyu, anamsukuma yule."

Shemeji hakuamini. Akaifunga ile iliyotoka. Ya kwanza ikatoka. Akaifunga ya kwanza, nyingine ikatoka. Akaendelea hivyo, akicheka na kupiga makofi, akiita watu waliokuwa wanapita nje waje waone, mpaka mama akamwondoa kwa nguvu ili apate kutia vifungo vyake: vyeusi juu, vyeupe chini yake, vya dhahabu vilivyokaa peke yavyo kama wageni wa heshima.

King'ora alitaka kuitupa ile futi ya kitambaa. Mkewe aliipokonya.

"Wateja wangu wote nimewapima kwa hii. Unataka wote wanenepe siku moja?"

Akaifungia mkasi mwishoni, akairudisha msumarini. Sasa imefungwa uzi mwekundu, na mtaani kila mtu anajua kwamba yenye uzi mwekundu haipimi mbao. King'ora ana ya chuma mfukoni. Barazani hakai. Shemeji ameagiza kabati la vipodozi, lenye droo nane, na amesisitiza, mbele ya mashahidi, kwamba ziwe za kutoka zenyewe.

"Zitatoka," King'ora alimjibu, akamimina chai, akainua kikombe kwa mkono mmoja, akakishika hivyo hewani, kimejaa mpaka ukingoni, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ili kila aliyekuwepo aone vizuri.